Asante kwa Swali Zuri

Mdogo wangu Audax alikuwa na shahada ya kilimo, suti moja, na udhaifu wa kupenda kazi kupita kiasi. Udhaifu huo hakuzaliwa nao. Alipewa na baba yetu mdogo Gozbert, sebuleni kwetu Nshambya, na mimi dada yake nilikuwepo anapopewa, kwa hiyo asinisimulie mtu.

Baba mdogo Gozbert aliajiriwa mara moja tu maishani, enzi zile ukimaliza shule kazi inakufuata nyumbani. Hajawahi kukaa mbele ya wasaili hata kwa dakika tano. Lakini tangu astaafu ameangalia video nyingi sana kwenye simu, na sasa nusu ya vijana wa Nshambya na Kibeta hupitia kwake kabla ya kwenda kwenye usaili. Wote hurudi bila kazi, ila hurudi na Kiingereza kizuri. Kwetu Wahaya hiyo si hasara kamili.

Safari hii haukuwa mchezo. Audax alikuwa amepatana na Joanitha, binti wa Mzee Philbert wa Kamachumu, na Joanitha alikuwa amengoja mpaka akachoka kuulizwa ataolewa lini. Kwamba sisi ni Walutheri na wao ni Wakatoliki, Mzee Philbert alilimeza. Lililomkwama kooni ni moja tu: kijana hana kazi. Alisema tusikanyage kwake kuleta posa mpaka apate. Sasa shirika moja lenye ofisi Muleba lilikuwa limemwita Audax kwenye usaili wa afisa ugani, na Joanitha alikuwa amemwambia, kwa upole unaotisha, kwamba kuna mfamasia wa Biharamulo anamuulizia.

Basi Gozbert akakaa kwenye kochi kubwa akawa mwenyekiti. Mimi nikawa mjumbe. Mama alikuwa mlangoni akimenya ndizi, hana cheo.

"Tuambie kuhusu wewe," Gozbert akaanza.

"Asante kwa swali zuri," akajibu Audax.

Kila jibu lilipaswa kuanza hivyo. Gozbert alieleza kwamba ukishukuru unapata muda wa kufikiri, na aliyeuliza anajiona kasoma.

"Kwa nini tukupe nafasi hii wewe?"

"Asante kwa swali zuri. Mimi ni mchapakazi, mbunifu, na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo bila kusimamiwa sana."

"Shinikizo gani?" nikauliza. "Juzi uliombwa kupunguza majani ya migomba ukaumwa kichwa."

Gozbert akanionya kwamba wajumbe hawaleti mambo ya nyumbani. Akaendelea. "Baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

"Asante kwa swali zuri. Ninajiona nimehamia nafasi nyingine, kubwa kuliko hii."

"Safi! Hiyo inaonyesha kiu ya maendeleo. Na udhaifu wako ni upi?"

Mama aliacha kumenya. "Nani anamuuliza mtoto wa watu hivyo?"

"Ni swali la kawaida, shemeji. Linaulizwa dunia nzima."

"Hapa linaulizwa na wakwe," akasema Mama. "Tena hawakuulizi wewe. Wanapita kwa jirani jioni, wanajifanya wanatafuta mbuzi aliyepotea, kisha wanauliza. Je, kuna wazimu katika ukoo? Kuna uchawi? Kijana ana mkono mrefu? Na jirani mwenye akili anawajibu vizuri, kwa sababu kesho ni zamu ya binti yake. Huyu mnamfundisha kujisema mwenyewe? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Shemeji, huu ni usaili, si posa."

"Wanataka kujua kasoro zake, wakiridhika wanamchukua, wasiporidhika wananyamaza. Tofauti iko wapi?"

Gozbert alikohoa. Mimi ni mwalimu; moyoni nilimpa Mama alama zote.

Hapo ndipo Audax alipokosea. Ili kumtuliza Mama, akamwambia, "Hata usijali. Majirani pia wataulizwa. Nimemwandika Mwalimu Ndyamukama kuwa mdhamini wangu. Wanaweza kumpigia simu."

Mama hakusema kitu. Akarudi kwenye ndizi zake. Mama yangu akibisha, hakuna neno. Akinyamaza, ingiza nguo ndani, mvua inakuja.

Ulikuwa Novemba, senene, panzi wetu wa kuliwa, wamejaa. Asubuhi Mama alichukua kopo la senene waliokaangwa, akalifunika kwa kitenge, akaenda kwa Mwalimu Ndyamukama, jirani yetu aliyemfundisha Audax kusoma. Alipiga magoti, akatoa salamu kwa urefu wake wote, na wakatafuna buni za kahawa, desturi yetu ya kukaribishana. Walichopanga Audax alikuja kukisikia baadaye kupitia kipaza sauti cha simu.

Siku ya usaili nilimpigia Audax suti pasi. Kilichotokea Muleba alinisimulia mwenyewe, na mtu hawezi kujitungia aibu ya namna ile.

Wasaili walikuwa wawili. Mwenyekiti alikuwa Mama Ephrasia, mtu mzima wa hapo hapo Muleba. Mwenzake alikuwa kijana aliyetumwa kutoka makao makuu Dar es Salaam, mwenye kompyuta iliyomfunika uso. Audax alishukuru kwa kila swali. Walipofika kwenye udhaifu akasema alivyofundishwa, kwamba anapenda kazi kupita kiasi.

Mama Ephrasia aliweka kalamu chini. "Mwanangu, tangu asubuhi kila anayeingia hapa anapenda kazi kupita kiasi. Sasa hii migomba ya Muleba inakaushwa na mnyauko mbele ya nani?"

Audax akasema asante kwa swali zuri. Baada ya hapo hakuwa na kingine.

Mama Ephrasia akachukua simu, akampigia Mwalimu Ndyamukama, akaweka sauti ya nje. Alisema yeye hamsemi mtu pembeni. Akajitambulisha, akaeleza kwamba wana nia na kijana Audax, wangependa kujua habari zake.

"Waitu, ndugu zangu, mmegonga mlango wenyewe!" ikaja sauti ya Mwalimu. "Ukoo ule naujua mpaka kwa babu. Wazimu hakuna. Uchawi hakuna. Yuko bibi mmoja walimsingizia, lakini ule ulikuwa wivu wa kibanja tu, shamba la migomba."

Kijana wa Dar aliacha kuchapa.

"Mkono wake si mrefu," Mwalimu akaendelea. "Hapigi mtu. Pombe ya rubisi anakunywa kwenye sherehe tu, tena ametulia."

"Samahani, Mwalimu," kijana wa Dar akaingilia. "Na utendaji wake wa kazi?"

"Kazi?" Mwalimu alishangaa kidogo. "Kazi si atajifunza huko huko kwenu?"

Audax aliangalia sakafu. Alimwona Joanitha anakwenda zake Biharamulo na masanduku yake. Lakini aliponyanyua uso alimkuta Mama Ephrasia ameisogelea simu kwa viwiko vyote viwili.

"Na mama yake yukoje?"

"Mama yake! Yule anapiga magoti hata kwenye tope. Ameniletea senene, hutakuta bawa hata moja."

"Na kasoro ya kijana? Usinifiche, Mwalimu."

"Kasoro... Ngoja kidogo. Hapana. Mama yake alisema hana."

Mama Ephrasia alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akajifuta, akajiweka sawa, akasema, "Asante, kijana. Tutakupigia."

Neno hilo Audax alikuwa ameshaambiwa kwenye kila ofisi aliyowahi kukanyaga, na hakuna hata moja iliyowahi kumpigia. Alirudi nyumbani akavua suti, akalala mchana. Nilimwonea huruma, nikamsema Mama kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kama nimekula.

Na kweli, wakampigia. Amepata kazi!

Alipokwenda kuripoti, Mama Ephrasia alimweleza bila kuzunguka: "Majibu yenu yote yalikuwa sawa. Ila wewe peke yako nilijua umetoka kwa nani."

Mimi nilikasirika. Kila siku nasimama mbele ya watoto nikiwaambia juhudi hulipa, na mdogo wangu kaajiriwa kwa senene na bibi aliyesingiziwa. Nilikasirika mpaka aliponiletea kitenge kutoka kwenye mshahara wa kwanza. Gozbert naye alitangaza Nshambya nzima kwamba mbinu zake zimejibu, na vijana wakaongezeka sebuleni kwake.

Basi masika tukaenda Kamachumu kwa Mzee Philbert, na Gozbert ndiye mshenga wetu. Utaratibu kila mtu anaujua: mshenga ndiye anayesema, mposaji anakaa, anainamisha kichwa, ananyamaza. Kahawa ikapitishwa, tukatafuna. Gozbert akaongea vizuri, lazima nimpe haki yake. Hadi shangazi zake Joanitha walianza kutabasamu.

Ndipo Mzee Philbert, kwa utani wa kawaida wa wakwe, akageuka upande wetu akauliza, "Haya, na kwa nini tumpe kijana huyu binti yetu?"

Swali lilikuwa la Gozbert. Alishafungua mdomo. Lakini Audax alikuwa amelisubiri swali hilo miaka. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Asante kwa swali zuri."

Gozbert akamvuta koti. Wapi! Mtu aliyefundishwa na Gozbert hasimamishwi, hata na Gozbert. Akasema yeye ni mchapakazi na mbunifu. Akasema anaweza kuishi chini ya shinikizo bila kusimamiwa sana, na hapo shangazi mmoja akaacha kutabasamu. Mama akaita "Audax!" kwa sauti ya chini, lakini yeye alikuwa amekwishafika kwenye miaka mitano.

"Baada ya miaka mitano, ninajiona nimehamia nafasi nyingine, kubwa kuliko hii."

Nyuma ya pazia nilimsikia Joanitha akiweka sinia chini.

Mzee Philbert alimwangalia Audax, akawaangalia ndugu zake, akatikisa kichwa polepole.

"Tumekusikia, kijana," akasema. "Wapo na wengine tunaowasikiliza. Tutakupigia."

Tulirudi Nshambya. Usiku ule Audax alilala na simu kifuani, ikiwa kwenye chaji. Gozbert anasema tatizo lilikuwa kifungo cha koti.

Asubuhi yake nilimkuta Mama nyuma ya nyumba amekaa mkekani, ananyonyoa senene wa masika, bawa moja moja. Nikamuuliza anampelekea nani.

"Naenda Kamachumu," akasema. "Philbert naye ana majirani anaowasikiliza."