Taa ya Chumba cha Nne

Mgeni nisiyemjua alibisha hodi kwangu jioni, kitenge kimelowa mvua, akajitambulisha kuwa ni Mama Tunu, ameelekezwa kwangu kwa kuwa ninajua Kiingereza. Binti yake, aliyekuwa ng'ambo mwaka wa saba, alikuwa amehitimu mafunzo ya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa, na angepiga simu kesho saa mbili asubuhi. Mama alitaka kumpongeza kwa jina la kazi hiyo kama linavyotamkwa huko: physiotherapist. Saa hiyohiyo ya kesho nilikuwa na usaili wa kazi, wa kwanza tangu nihitimu. Nikamshauri aseme tu daktari.

“Daktari si yeye, mwanangu. Nikimwita asivyo, atajuaje kwamba ninamfahamu?”

Nikaahidi kwenda kwake asubuhi, kisha nikalala nikiijutia ahadi yangu.

Nikajiona katika nchi ya nyumba ndefu. Kila nyumba ilikuwa neno, kila chumba silabi, na kila nyumba ilikuwa na taa moja tu, ndiyo mkazo wake. Bwana mnene aitwaye Mazoea alipita akizihamishia taa zote chumba cha pili kutoka mwisho. Alinieleza kuwa kwetu ndivyo tunavyowasha, nami nikamsaidia kwa raha, hata nilipogeuka nikaona wenyeji wamesimama nje, hawazitambui nyumba zao. Ndipo bibi mmoja aitwaye Subira akanishika mkono, akanipeleka kwenye nyumba ya vyumba sita. Vitatu vya mbele, akaniambia, ni vya ukoo wa mwili. Viwili vinavyofuata ni vya ukoo wa tiba. Katika cha mwisho anakaa mwenye kazi.

“Usiimeze nyumba nzima,” alisema. “Ingia chumba kwa chumba, na taa uiache inapopendwa.”

Nilipoitua taa katika chumba cha nne, msichana aliyekuwa ameketi dirishani akainua uso, kama mtu aliyengoja miaka aitwe. Nikaamka nikijua kwamba mama yule hakuja kutafuta Kiingereza. Alitafuta njia ya kumfikia mwanawe.

Saa mbili, jina langu likiitwa kwenye usaili upande wa pili wa mji, nilikuwa mkekani kwa Mama Tunu, nikigonga sakafu mara sita, pigo la nne zito. Alikosea, akanitania kwamba kwa kazi hii isiyolipa, nikioa mke wangu atakula midundo badala ya ugali, akarudia. Simu ikalia. Akavuta pumzi, akalitamka jina la kazi polepole, chumba kwa chumba.



“Mama,” sauti ya binti yake ikasema, “hebu niite tena.”