Malipo ya Mlangoni

Wanawake walikuwa wameuzunguka mfarishi wa Almas, lile tandiko la pamba la harusi, kila mmoja na sindano yake, wakiimba na kuchomana vidole kwa mzaha, Shushan alipoingia akavua viatu. Huyu alikuwa dada yake Almas. Alikufa majira ya baridi yaliyopita akiwa mke wa Hormiz, na Hormiz huyo huyo ndiye aliyekuwa anamwoa Almas, maana wazee walisema mkwe mwenye mizabibu haachwi akaenda kwa wengine. Ilikuwa Agosti, milima imekauka, lakini nywele za Shushan zilikuwa na theluji isiyoyeyuka.

“Kaa mbali na pamba,” alisema shangazi Maryo. “Umekuja kushona au kununa?”

“Kushona, shangazi.”

Wakampa sindano. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, kama alivyozikwa. Hata hivyo mishono yake ilinyooka kuliko ya wote.

Almas alimwinamia. “Dada, ilikuwaje?”

“Mchuzi ulizidi chumvi. Akanitoa nje, akatia komeo.”

“Ebo! Hayo hayasemwi juu ya mfarishi wa harusi,” Maryo akakata. “Imbeni!”

Wakaimba.

Siku ya harusi, zumari na ngoma zilimleta Hormiz hadi uani. Kwa desturi, kaka wa bibi harusi huziba mlango mpaka apewe anachotaka, na Zaya alikuwa ameshachagua saa ya mkononi. Alimkuta Shushan kamtangulia, mikono imeshika miimo yote miwili. Zaya alinung'unika, kisha akampisha. Mkubwa ni mkubwa.

“Lo, mlinzi mkali huyu!” wakapiga kelele watu wa Hormiz. “Taja bei, mama! Jogoo? Bangili?”

“Aseme alichonifanya.”

Zumari likanyamaza. Chini ya shela, nyuma ya mgongo baridi wa dada yake, Almas alipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu aposwe. Baba akisikia kwa kinywa cha mwenyewe, aliwaza, harusi imekwisha.

Hormiz akakohoa. “Nilimfungia nje kwenye theluji. Alilia, nikamsikia. Nilifungua asubuhi.” Alisema kama mtu anayetaja umri wa kondoo.

Wote wakamgeukia Oshana, baba yao, aliyemlilia Shushan mpaka jicho moja likaingia ukungu. Alilifuta jicho hilo.

“Kaombwa neno, katoa neno,” alisema. “Amelipa. Pisha, mwanangu, wali unapoa.”

“Baba…” alianza Almas.

“Bibi harusi hasemi.”

Bei Shushan aliitaja mwenyewe, na desturi huwafunga hata wafu. Akashusha mikono. Almas akatolewa, vigelegele vikapigwa, wakaenda kanisani wakavikwa mataji.

Walipofika nyumbani kwake, Hormiz alipanda juu ya paa kumrushia bibi harusi matufaha, kama inavyopasa. Moja lilimpata Almas chini ya jicho. Wageni wakamsifu kwa shabaha. Mama mkwe alimpangusa kwa ncha ya leso.

“Cheka, mwanangu,” alimnong'oneza. “Dada yako siku yake alicheka.”

Almas akatazama safu ya wachezaji. Shushan alikuwa katikati yao, na waliomshika mikono walikuwa wakipokezana kwa sababu ya baridi yake.

Akacheka.