Sahihi za Mhadhara wa Alhamisi

Swafia alikuwa akipanga viti vya plastiki, amefika safu ya sita, Bwana Kaingu alipoingia na karatasi za mahudhurio. Ilikuwa mara ya tisa maktaba ya chuo kikuu kuandaa mhadhara wa umma Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na mara zote Swafia, msaidizi wa maktaba kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, ndiye aliyezichapa karatasi hizo. Jina, simu, sahihi, basi. Leo zilikuja zimekwisha chapwa, na juu ya kila moja limebandikwa tangazo la mhadhara lililofunika kichwa chote cha karatasi.

"Hizi zatoka wapi?" akauliza.

"Kwa wafadhili," Kaingu, naibu mkutubi, alijibu bila kumtazama. "Wao ndio wanaotoa chai."

Swafia akazikagua. Palikuwa na safu ya nambari ya kitambulisho, na nyingine ya nambari ya nyumba.

"Nambari ya nyumba ya nini? Watu waja kusikiliza historia."

"Dada, ni utaratibu tu. Mkataba wako si unaisha Jumatatu? Usianze mambo."

Akavuta meza hadi mlangoni, akaweka karatasi na kalamu mbili, akaketi. Jambo hili halikumkaa sawa, hasa kwa kuwa safari hii mada ilikuwa nyumba za mawe za Mji wa Kale, na wiki nzima alipita mlango kwa mlango kwa majirani zake. Njooni, aliwaambia, ni bure, mutasikia habari za kwenu.

Nao wakaja. Bi Sheikha, mshona kofia aliyepanga chumba cha chini katika nyumba ya wakfu tangu Swafia hajazaliwa, alipanda ngazi huku ameshika ukuta, akafika akihema.

"Masalkheri, mwanangu. Hapa natia sahihi ya nini?"

"Masalkheri, Bi. Ya kuwa umekuja."

"Na hii nambari ya nyumba?"

"Sijui, Bi. Wameitaka."

Bi Sheikha akamtazama kitambo. "Haya. Maadamu ni wewe." Akatia sahihi.

Nyuma yake alikuwa Taizoon, mwenye duka la rangi na misumari, pamoja na mkewe Hussaina. Taizoon alivaa miwani, akaigeuza karatasi, akajaribu kuinua ncha ya lile tangazo kwa ukucha.

"Mzee, tunaanza," Kaingu akasema begani kwake. "Tusimcheleweshe mgeni."

Taizoon akaandika jina lake polepole, macho yakiwa kwa Swafia.

Tangazo lilisema mzungumzaji ni mtafiti wa historia. Aliyesimama mbele alikuwa kijana wa suti, Bwana Mzamil, ambaye alisema anatoka kampuni ya uendelezaji. Kwa dakika kumi alisifu milango na nakshi. Kisha zikaja picha za hoteli. Ya tatu ilikuwa nyumba ya Bi Sheikha, imepakwa chokaa mpya, na mahali pa dirisha lake pamewekwa meza za wageni.

Hussaina akainua mkono. "Na sisi tulio ndani, katika picha hiyo tuko wapi?"

Watu wakacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Swali zuri sana," Mzamil akasema. "Tutalijibu wakati wa chai."

Wakati wa chai Mzamil hakuonekana. Watu walisimama na vikombe na sambusa, wakitazamana. Kaingu akamwambia Swafia abandue matangazo, azibane karatasi pamoja na kuzipeleka ofisini.

Swafia aliingia chumba cha mashine ya kunakilia, akavuta lile tangazo. Chini yake palikuwa na maandishi mazito: *Kikao cha Ushirikishwaji wa Umma. Sisi wakazi tuliotia sahihi hapa chini tumeelezwa mradi na tumeridhia kuhamishwa.*

Majina thelathini na manane. Karibu yote ni ya watu aliowabishia hodi yeye mwenyewe. Akafikiria Jumatatu. Akamfikiria binti yake Fariha, aliye kidato cha tatu. Alikwisha shika stepla mkononi. Akaiweka, akarudi ukumbini.

"Jamani, musiondoke." Akasoma kile kichwa neno kwa neno, bila kuongeza lake.

Hakuna aliyetafuna tena. Taizoon ndiye aliyesema wa kwanza.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Lakini ulishuku. Nilikuona."

"Nilishuku."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza," Swafia akasema.

Kaingu akaja mbio, mkono ameunyosha. "Lete hizo. Ni karatasi za ofisi."

Hussaina akasimama katikati yao, kikombe cha chai mkononi, wala hakusogea. Kaingu akashusha mkono, akatoa simu mfukoni.

"Mnajisumbua. Nilizipiga picha tangu mhadhara ukiendelea, tangazo nimelifunua, nikazituma. Wenyewe wameshazipokea. Na wewe Swafia, Jumatatu usije."

Swafia alizitandaza karatasi mezani. Akachukua kalamu akampa Taizoon. Taizoon akalitafuta jina lake, akalikata mistari miwili, akaandika pembeni: *sikuridhia*. Akampa kalamu mkewe. Nyuma ya Hussaina akasimama mtu mwingine, na mwingine, mpaka foleni ikafika dirishani. Mlinzi alizima kiyoyozi, kisha feni. Watu wakafungua vitufe vya kola, wengine wakajipepea kwa mitandio, foleni ikasogea.

Bi Sheikha alikuwa wa mwisho.

"Bi, zimeshakwenda," Kaingu akamwambia, sasa kwa upole. "Kufuta hakubadilishi kitu."

Bi Sheikha hakugeuka. Aliinamia meza, kalamu ameishika kama sindano.

"Nionyeshe nilipo," akamwambia Swafia.

Swafia akaweka kidole chini ya jina.