Sakafu ya Banda la Kunyolea

"Umeng'oa sakafu ya banda langu?" Mzee Lachlan alisimama mlangoni, mvuke wa baridi ukimtoka mdomoni, akilikodolea macho tundu alilotoboa binti yake wa pekee.

"Upande mmoja tu, Baba. Njoo uone nilichotengeneza!" Raewyn alimvuta mkono. Usiku kucha hakupata usingizi kwa hamu.

Theluji ilikuwa imefunika malisho yote ya uwanda wa Maniototo. Kila asubuhi mzee alifanya kama alivyofanya baba yake: anapanda nyuma ya pikapu, anamwaga nyasi kavu juu ya theluji, kondoo wanakuja mbio. Wanakula kidogo, wanazikanyaga, wanazikojolea, halafu, bila haya, wanazilalia. Sasa lundo la marobota ghalani lilikuwa limeshuka chini ya dirisha, na majani mabichi bado yalikuwa mbali. Mzee alikwishakata shauri. Mchana huo lori lingekuja kuwachukua kondoo majike wenye mimba wakauzwe, ukoo mzima uliochaguliwa na kulelewa na marehemu mkewe. Raewyn alipopata habari hiyo hakulia. Alikwenda kutafuta mtaimbo.

Kwa mbao za sakafu alikuwa ametengeneza hori la kulishia, nje ya banda. Lilikaa chini, ili mbegu za nyasi zisiwaangukie kondoo shingoni na kuharibu manyoya. Nafasi kati ya ubao na ubao ilipitisha kichwa, lakini bega lingekwama. Kondoo angekula mwili ukiwa nje ya hori, na kukanyaga asingeweza hata akitaka.

"Wakila humu bila kumwaga, lori linarudi tupu. Sawa?"

"Wakila," mzee alisema.

Raewyn akafungua geti. Kondoo wakaja mbio kwa njaa, kisha wote wakasimama ghafla, pua juu. Wa mbele akageuka, na wengine wakamfuata.

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwanangu, mbao hizo zinanuka kunyolewa! Umewaita mezani, wenzio wanaona wanakwenda kuvuliwa nguo kwenye baridi hii!"

Raewyn alitamani ardhi ipasuke. Kati ya mbao zote za shamba, yeye kachukua zile ambazo kondoo husimamishwa juu yake wakisubiri zamu ya kunyolewa! Na kule barabarani lori lilikuwa limeshachomoza.

Hapo ndipo Dolores alipojitokeza. Alikuwa jike zee, mdomo mapengo matupu, na mzee alikuwa amemtia alama ya rangi awe wa kwanza kupanda lori. Alipookotwa yatima, mama yake Raewyn alimlea kwa chupa ndani ya banda lile lile. Kwa wenzake mbao zilinuka kunyolewa. Kwake zilinuka maziwa. Aliwapiga wenzake kumbo, akachomeka kichwa horini, akaanza kutafuna huku akikitikisa kile kipande cha mkia alichoachiwa alipokatwa mkia utotoni.

Jirani yake akamtazama, naye akachomeka kichwa. Kufumba na kufumbua walikuwa wanagombea nafasi.

"Wanakula! Baba, wanakula!" Raewyn aliruka mpaka kofia ikamtoka. Akapiga magoti kukagua theluji, akicheka na kulia kwa pamoja. Chini palikuwa na nyasi za kujaza kiganja tu.

Mzee aliinama, akaziokota, akazirudisha horini mbele ya Dolores. Hakucheka tena.

Lori likasimama. Dereva, Hemi, akateremka akipuliza vidole. "Haya mzee, tunaanza na yupi?"

"Hapandi mtu leo. Shika nyundo, tuna sakafu ya kung'oa, tutengeneze mahori mengine."

"Yote?" Raewyn alishtuka. "Baba, na siku ya kunyoa tutawasimamisha wapi?"

"Kunyoa ni kiangazi," mzee alisema. "Kwanza wafike huko." Akamnyang'anya binti yake mtaimbo, akatangulia bandani.