Mbawakavu Waliosifiwa Kigongo

Kamati ya Bunge ilipotangaza kwamba inakuja Mwanza kukagua mradi wa mbawakavu, Mheshimiwa Odeta Masele alimtuma dereva wake kwa mtendaji wa kata.

"Mwambie wageni wakifika Kigongo wakute ziwa, wasikute shamba."

Magugumaji yalikuwa yameziba mwalo mzima. Kivuko cha Busisi kilikuwa kikikwama, abiria wakibaki kutazamana na ng'ambo. Odeta ndiye aliyesimama bungeni kutetea wataalamu wafuge mbawakavu, vile vidudu vinavyotafuna magugu, huku wabunge wengine wakimwita Mama Wadudu. Sasa walikuwa wanakuja kuona kwa macho yao, na yeye mwenyewe ni mjumbe wa kamati.

Waliposhuka kwenye magari, maji ya Kigongo yalikuwa yanang'aa. Mwenyekiti alivua miwani akacheka.

"Vidudu hivi ni wanaume!"

Wanawake waliopangwa kando ya njia wakapiga vigelegele. Odeta aliwafuata kuwasalimu, uso umemjaa furaha. Kashindye, dada wa mumewe, alimpa mkono. Odeta akashtuka. Kiganja kilikuwa kimevimba na kuchanikachanika.

"Wifi, umepatwa na nini?"

"Kwani hujui? Mimi ndiye mbawakavu." Kashindye aliwageukia wenzake. "Tumetafuna magugu tangu Jumapili, hata Roza akang'atwa na ruba pajani. Mtendaji alisema asiyeingia majini atalala mahabusu. Haya wifi, uliyetuita kazini, ng'ombe umemfunga wapi?"

"Labda wamemla wadudu," Roza akadakia, nao wakaangua kicheko.

Odeta alijaribu kucheka, midomo ikakataa. Usukumani, mwenye kuita watu kazini huwalisha. Hata mjane asiye na kitu huwakorogea uji. Yeye alikuwa amewaita bila kujua kwamba anaita. Alidhani ameagiza tu, kama wanavyoagiza wakubwa. Hawakupata hata kikombe cha uji.

Mwenyekiti alimwita.

"Mheshimiwa Masele, tumeridhika. Kazi imekwisha. Nitashauri mabwawa ya kufugia vidudu yafungwe, fedha ziende kwenye miradi mingine."

Ndalahwa, mtaalamu aliyesimamia mabwawa hayo, aliinamisha kichwa. Odeta alimsogelea.

"Yakifungwa?"

"Vidudu bado ni vichache, mheshimiwa. Ghuba za jirani zimejaa magugu. Upepo ukigeuka, yatarudi hapa."

"Mbona hukusema?"

"Niliambiwa ni agizo lako."

Angeweza kunyamaza. Taarifa ingeandikwa vizuri, na wale waliomwita Mama Wadudu wangempigia makofi. Kivuko kingekwama tena, na mtendaji angewarudisha wanawake majini. Aliliweka sawa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku hii.

"Mwenyekiti, msifunge," alisema. "Vidudu havikusafisha hapa. Wamesafisha hawa kina mama, kwa mikono yao, kwa agizo langu. Nilitaka mpendezwe."

Mwenyekiti akarudisha miwani usoni, taratibu.

"Bunge limetutuma kuikagua Serikali. Leo tuanze na wewe?"

"Anzeni na mimi. Na iandikwe hivyo kwenye taarifa."

"Itaandikwa." Akamgeukia Ndalahwa. "Mabwawa yabaki. Tupeleke mahali ambapo hapajafagiliwa."

Waheshimiwa walirudi kwenye magari wakinong'onezana. Mmoja alitamka "Mama Wadudu," safari hii kwa sauti. Odeta alikuwa ametarajia kwamba akishasema moyo utapoa. Haukupoa. Alirudi kwa Kashindye akiwa na maneno ya kuomba radhi, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Umesema vizuri, wifi," Kashindye alisema, akificha mikono ndani ya kanga. "Nenda, wenzako wanakusubiri."

Wanawake wakarudi nyuma, wakampisha njia, kwa adabu ileile wanayompa mgeni.