Bwawa la Mama Gasper Lina Kiu

Wallahi, na kwa wasiotosheka na wallahi naongeza Biblia: haya ni kweli tupu, hayakutiwa hata tone la ziada. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi fundi Mzee Nikodemu alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa bwawa la kuogelea alilolijenga, kule Kasingirima, ameikodolea macho alama ya penseli.

Alama hiyo aliichora mwenyewe jana jioni, maji yakiwa yameigusa. Sasa maji yalikuwa chini yake vidole vinne. Akapima tena kwa mkono wa kushoto, kana kwamba vidole vya kushoto vina huruma zaidi. Vinne.

Akageukia ngazi ya kwanza ya bwawa, alikokuwa ameweka ndoo ya kijani iliyojaa maji. Ndoo nayo haikuwepo.

"Haya," akajiambia, "leo nitakiona."

Ndoo ilikuwa agizo la mwenye nyumba, Mama Gasper, mke wa mkubwa mmoja wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi. Mama alikuwa ameona kwenye simu: weka ndoo ya maji bwawani, uiache mpaka asubuhi. Jua na upepo hukausha vyote sawasawa. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Na likivuja, walikwishaelewana, Mzee Nikodemu abandue vigae vyote na kuvipanga upya bila malipo.

Halikuwa bwawa la kubandua. Mita nane kwa nne, vigae vidogo vya kijivu, ukingo wa mawe bapa yaliyokuja kwa boti kutoka Kagunga, na ukuta wa mawe hayohayo ambao maji yangeporomoka juu yake kwa midomo mitatu ya chuma. Mama alikuwa na daftari la rangi. Jiwe likizidi weusi, lilirudi. Hata mito ya viti ilishonwa ifanane na ukingo. Kilichobaki ni pengo moja ukutani, upana wa toroli, la kupitishia mawe kutoka uchochoroni.

Na hapo kwenye pengo ndipo mzee alipoharibu.

Jana jioni Rozalia, muuza dagaa wa nyumba ya nyuma, alichungulia akiwa na dumu tupu. Mabomba ya mtaa yalikuwa na siku tisa hayajatema kitu. Dumu la mia tatu lilikuwa limefika mia saba. Ziwa lilionekana kule chini, limejaa mpaka Kongo, lakini kuteremka na kupanda na dumu kichwani ni asubuhi nzima imekwenda.

"Mzee, dumu moja tu. Nina watoto hawajaoga tangu Jumapili."

Mzee Nikodemu angeweza kusema ndiyo au hapana kama watu wengine. Lakini ulimi wake haukuwahi kupita njia fupi.

"Moja la nini? Kwa mama huyu, kwao Moshi, maji ya kwanza ya bwawa hugawiwa majirani. Wasipochota, bwawa linanuna. Teka, na uwaambie wenzako wawili."

Wenzake wawili! Habari ya maji ya bure haihitaji kipaza sauti. Kwa hesabu ya vidole vinne, mtaa mzima ulikuja, na mtaa wa pili ukatuma wawakilishi.

Saa moja Mama Gasper aliingia na daftari lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Salama. Mbona maji yako chini?" Akatazama ngazi. "Na ndoo iko wapi?"

Mzee akajikuna shingo. Akisema linavuja, vigae. Akisema kweli, watu watatafutwa nyumba kwa nyumba.

"Mama, zege jipya ni kama mtoto mchanga. Linanyonya. Siku tatu za kwanza linanyonya hadi linashiba. Nimejenga matangi ya misheni kule Mwandiga, moja lilikunywa mpaka tukamwita padri."

"Na ndoo imenyonywa pia?"

"Ndoo..." Akakohoa. "Ndoo ilielea ikaondoka. Upepo wa ziwa huo."

Mama Gasper akalitazama bwawa. Alitaka sana kuamini. Miezi saba alikuwa ameamka na kulala na bwawa hili. Akatoa simu, akaita boza lingine, lori la maji. Lilikuja saa tatu, likamwaga mpaka alama ya penseli, na bei yake ilikuwa imepanda tangu wiki iliyopita. Dereva alisema ni mafuta. Mama akalipa bila kugombana.

Mzee akapumua. Akachukua mwiko, akaanza kusafisha viungo vya mawe, hata akaimba kidogo. Jioni angewafukuza wachotaji kwa uongo mwingine, mpole zaidi.

Saa nne Rozalia akatokea kwenye pengo.

Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, na kichwani amejitwika ndoo ya kijani. Mzee akampungia mwiko arudi. Rozalia akadhani anasalimiwa, akaamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee! Hodi kwa mama!"

"Karibu," Mama Gasper akasema.

Rozalia akaitua ndoo, akapiga magoti. "Mama, hii ndoo ilichukuliwa na watoto, msamaha. Na chombo cha mtu hakirudi kitupu." Ndani mlikuwa na dagaa wakavu, wameng'aa kama misumari mipya, wamefika nusu ya ndoo. "Tumechanga, kila nyumba kikombe. Tunashukuru. Wengi wamehamia hapa na magari yao, hatujaona mwenye mila kama yenu."

"Mila gani?"

"Si ya maji ya kwanza? Mzee ametuambia. Mungu akuzidishie, mama."

Mama Gasper, kwa sababu alilelewa vyema, akainama akaipokea ndoo kwa mikono miwili. "Asante, dada. Wasalimie nyumbani."

Rozalia alipotoka, Mama Gasper aliketi kwenye ukingo, ndoo magotini.

"Kumbe kwetu tuna mila hiyo, mzee. Nimezaliwa kule, sikuwahi kuisikia."

"Mama..."

"Na zege limekunywa. Na upepo." Sauti yake haikupanda. "Nimenunua boza zima, mzee, kwa uongo wako."

Akampigia mumewe, na mumewe hakuhitaji maelezo marefu. Sauti yake simuni ilimfikia mzee pale alipokuwa amesimama. "Mwite mtendaji wa mtaa! Waandikwe wote waliochota. Walipe, na faini juu. Wamezoea hawa!"

Mama Gasper aliitazama ndoo. Mzee Nikodemu akaweka mwiko chini.

"Mama, usimwite. Wale waliambiwa wachote, wakachota. Uongo ni wangu. Niandike mimi."

"Wewe una nini cha kulipa boza?"

"Ukuta. Siku tisa nilizojenga, hujanilipa bado."

Siku hizo tisa ndizo zilizokuwa kodi ya chumba chake mpaka Krismasi. Mama alilijua hilo. Aliambiwa mara nyingi, tena kwa mapambo. Akaikata simu iliyokuwa bado inasema mkononi.

"Sawa," akasema. "Na pengo lizibwe leo."

Mawe yaliyobaki yalikuwa nje, uchochoroni. Mzee alikuwa ameshaanza kuyafuata moja moja aliposikia, "Kaa huko ndani, mzee, utavunjika kiuno." Ni Rozalia, na nyuma yake wanawake wawili waliokuja na madumu wakakuta zamu imekwisha. Wakaanza kumpa mawe kupitia pengo.

"Hili?"

"Hapana, lina wekundu. Yafanane."

"He! Jiwe nalo linachaguliwa rangi?"

"Kuliko mchumba."

Wakacheka, na ukuta ukapanda. Ulifika magotini, kifuani, mwisho yakabaki macho ya Rozalia peke yake.

"Mzee, na wewe nyumbani una maji?"

"Sina."

Rozalia akainua jiwe la mwisho. Mzee akalipokea, akalilaza kwenye udongo wa saruji, akaligonga mara mbili kwa mpini wa mwiko, akaweka pima maji juu yake. Lilikuwa sawa kabisa.

Alasiri Mama Gasper aliwasha mota ajaribu. Maji yakatoka kwa midomo yote mitatu, yakateleza juu ya mawe, yakaanguka bwawani kwa sauti nzuri kama mvua ya mbali. Mama akasimama, mkono shavuni, hakutabasamu. Nyuma ya ukuta mazungumzo yakakatika. Kisha Rozalia akasema, bila kinyongo:

"Yanapendeza kuyasikia."

Mzee Nikodemu aliinama asuuze mwiko bwawani. Mkono ukaishia hewani. Akaokota kipande cha mfuko wa saruji, akaufuta mwiko kwa hicho, akaenda zake.