Mwanamke wa Norris

Mume wangu Norris aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba likizo ya mwaka huu hataangalia meli. Wala ndege ya kivita, wala nyambizi, wala hata boti ya mvuvi ikiwa imepakwa rangi ya kijivu. Nami nilimwambia wazi, tumesimama jikoni kwetu Grimsby: "Ukinivunjia ahadi hii, Norris, mimi nahamia kwa dada yangu Maud. Na sitanii." Alijua sitanii. Miaka thelathini ya ndoa, likizo zangu zote zimeishia kwenye uzio wa waya wa kambi ya jeshi la watu. Wenzangu wakienda Malta wanaogelea. Mimi nimekwenda Malta kumshikia mtu chupa ya chai huku yeye akihesabu minara ya rada. Safari hii hata kamera yake niliifungia kabatini, tukaondoka.

Tulikwenda Krete. Nyumba ya wageni niliichagua mwenyewe, kijiji cha mlimani, mizeituni kila upande. Loo! Kufungua dirisha asubuhi, chini yetu ghuba nzima, na ng'ambo ya ghuba kambi ya wanamaji, manowari zimejipanga kama vyombo kabatini. Nikamgeukia Norris. Alikuwa anatazama mizeituni. Aliikazia macho mpaka yakamtoka machozi.

Basi alijitahidi, haki ya Mungu alijitahidi. Akila, anaipa bahari kisogo. Ndege ikipita na mngurumo wake, anainamia supu. Nikaanza kumhurumia, na katika kumhurumia nikaanza hata kumpenda upya. Mjinga mimi.

Mwenye nyumba, Bi Stamatia, alikuwa mjane mwenye sauti ya tarumbeta, aliyekaa Melbourne akiuza samaki, kwa hiyo Kiingereza hakikumpiga chenga. Asubuhi moja alinivuta jikoni, akafunga mlango, akanimiminia raki, pombe yao kali, kabla sijaonja hata chai.

"Kunywa kwanza, mwenzangu."

"Kuna nini?"

"Kunywa, nimesema!"

Nikanywa. Koo likawaka moto.

"Mumeo ana mwanamke," akasema.

"Norris?" Nilicheka. "Norris huyu huyu wa soksi na makubadhi?"

"Cheka tu. Nilikuwa namwagilia rihani chini ya roshani, yeye yuko juu anaongea na rafiki yake kwenye simu. Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili. 'Kaja alfajiri, peke yake. Wamempaka rangi upya, lakini mimi hanipotei, namjua kwa makalio yake.' Makalio, dada yangu! 'Nimemtafuta tangu ujana. Glenys hana habari. Bado amelala, napanda kilimani nikamwone japo mara moja, nife salama.' Mzee mzima na mvi zake, hana haya! Na huyo hawara anaitwa Rosamund."

Nikajikalisha kitini. Sisi Waingereza, meli hatuisemi kama chombo. Tunamsema kama mtu, tena mwanamke: kaja, kaondoka, kanenepa, kazeeka. Hilo Bi Stamatia hakulijua, na huyo Rosamund mimi nilikuwa nimemsikia tangu fungate. Nilitamani sana awe mwanamke. Mwanamke ningemshika nywele. Meli utamshika wapi?

"Usihofu," Bi Stamatia akaendelea. "Nimeshampigia mpwa wangu Manousos, askari wa bandari. Huyo mzee ameshatoroka, na Manousos yuko njiani. Atawaumbua wote wawili huko huko juu."

Nikainuka kitini. Kilima kile kina bango kubwa lenye picha ya kamera iliyopigwa mstari mwekundu. Mgeni akikutwa pale kichakani ameelekea kambini, hatoki na karipio tu. Anatoka na pingu.

Tulipanda mbio, mimi na Bi Stamatia, tukitweta kama punda wa kuazima. Tulipofika, Manousos alikuwa anamchomoa Norris kwenye miiba kwa ukosi wa shati. Upara umechubuka, goti linavuja damu, na shingoni ananing'iniza darubini ya plastiki, ile wanayowauzia watoto ufukweni.

"Shangazi, umenidanganya," Manousos akasema. "Hapa hakuna mwanamke. Hapa kuna jasusi."

Norris akaniangalia. "Nisamehe, Glenys," akasema. Basi. Hakuomba nimtoe.

Nilikuwa na hasira nao, yeye na Rosamund wake! Ningeweza kusema, "Mpeleke," nikateremka zangu, nikafunga sanduku. Maud ana chumba kizuri chenye jua la asubuhi. Na kueleza ukweli kusingesaidia: mwambie askari kwamba mtu amelala kwenye miiba kwa sababu anapenda tu kutazama meli, askari atakucheka, halafu atafunga mlango wa mahabusu.

"Mwanamke yupo!" nikapiga kelele.

Wote wakageuka, Norris akiwa wa kwanza.

"Namjua siku nyingi. Mume wangu ni mhuni, afande. Kaja kumchungulia."

"Si nilikuambia!" Bi Stamatia akajipiga kifua.

Manousos akakuna masharubu. "Anakaa wapi?"

"Nyumba ile pale chini. Ile ya dirisha la buluu."

"Mama, ile ni ya padri."

"Basi ya jirani yake! Unadhani amenialika chai?"

Akamgeukia Norris. "Mzee, huyo Rosamund ana umri gani?"

"Hamsini na moja," Norris akasema papo hapo.

"Ana mume?"

"Alikuwa wa Wareno. Wakamchoka, wakamuuza."

"Wakamuuza?" Bi Stamatia akafanya ishara ya msalaba.

"Wakamwacha!" nikadakia. "Anamaanisha wakamwacha. Hata kusema hawezi, kalewa mapenzi."

Manousos hakuwa mpumbavu. Alinyoosha kidole ghubani, kwenye meli moja kubwa ya kijivu iliyotia nanga pembeni peke yake.

"Ile manowari, mzee," akasema taratibu. "Ya Wamarekani, siyo? Mpya kabisa."

Mungu wangu. Nilimwona Norris shingo ikimvimba. Mtu huyu amewahi kumsahihisha kasisi katikati ya mazishi, tena ya mjomba wake mwenyewe, kwa sababu kasisi alikosea aina ya meli aliyoitumikia marehemu. Hajawahi kumwachia mtu kosa la namna hiyo, awe bosi, awe mtoto. Midomo ilimcheza. Akamtazama Rosamund wake pale ghubani, akanitazama mimi, akameza mate.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi meli zote naziona sawa."

Nikalia. Manousos alidhani nalilia ndoa yangu, na hakukosea sana. Akamwachia ukosi.

"Nenda nyumbani na mkeo, shetani wee," akasema. "Na humstahili."

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Mezani wanawake waliniletea mwanakondoo, jibini, mikate ya asali. Norris akawekewa glasi ya maji, na Bi Stamatia aliitua kwa kishindo makusudi. Wazee wa mkahawani wakimpita wanatema mate chini. Alikaa ameinamisha upara wake uliochubuka, anakunywa maji. Nikasogeza sahani yangu katikati yetu, nikamkatia nyama.

Alitafuna kidogo, akaacha. Nilijua kuna kitu kimemkwama, na hakikuwa nyama.

"Glenys," akaninong'oneza, "ile si manowari. Ni meli ya mafuta."

"Najua," nikamwambia. "Tani elfu kumi na moja, na wamembadilisha bomba la moshi. Kula."